Mfumo wa Umeme wa Jua wa Nyumbani: Paneli Bora, Betri Nzuri, Maelezo Haba

Bidhaa ninayoitathmini hapa ni mfumo kamili wa umeme wa jua wa nyumbani: paneli sita za wati 550 kila moja, inveta mseto ya kilowati 5 (kifaa kinachogeuza umeme wa paneli na betri uwe wa kutumika nyumbani), na betri moja ya lithiamu ya volti 51.2 yenye ujazo wa ampea-saa 100, ambayo kwa hesabu ya kawaida hubeba kama uniti tano za umeme, uniti moja ikiwa kilowati-saa moja. Mpangilio huu unauzwa sasa karibu kila pembe ya dunia kwa majina mengi, na mara nyingi kinachotofautisha jina moja na jingine ni rangi ya kasha na stika iliyobandikwa juu yake. Kwa hiyo sitataja chapa. Anayefikiria kununua mfumo wa ukubwa huu atayakuta mengi ya haya popote atakapoupata. Kilichonifanya niutazame kwa jicho kali kuliko ambavyo ningetazama jokofu au pasi ni maneno yaliyochapishwa kwenye katoni ya betri na kwenye kijitabu cha maelezo, kwamba mnunuzi anashiriki moja kwa moja katika kupambana na mabadiliko ya tabianchi. Ahadi hiyo mtengenezaji ameitoa mwenyewe bila kuombwa, na ni haki bidhaa yake ipimwe kwayo, pamoja na kupimwa kwa mambo ya kawaida kama uimara, kelele na urahisi wa matumizi.

Kipimo chenyewe si kigumu. Takriban robo tatu ya gesijoto zinazotokana na shughuli za binadamu hutoka katika uzalishaji na matumizi ya nishati, na kiwango cha hewa ya ukaa angani, ambacho kabla ya mapinduzi ya viwanda kilikuwa karibu sehemu 280 katika kila milioni, sasa kimepita 420. Paneli ya jua haiondoi hata chembe ya hewa ya ukaa iliyokwisha kuingia angani. Inachoweza kufanya ni kimoja tu: kuzalisha uniti ya umeme inayochukua nafasi ya uniti ambayo vinginevyo ingetokana na kuchoma makaa ya mawe, gesi, dizeli au petroli. Uniti isiyochukua nafasi ya nyingine, hata ikiwa imezalishwa kwa jua safi kabisa, haijaokoa kitu. Nilipoupima mfumo kwa kipimo hicho, sifa na kasoro zake zilijipanga tofauti kabisa na zilivyopangwa kwenye kijitabu.

Nianze na paneli, kwa kuwa ndizo sehemu bora ya kifurushi chote. Teknolojia yake ina historia ndefu: Edmond Becquerel wa Ufaransa aligundua mwaka 1839 kwamba mwanga unaweza kuzalisha umeme, na mwaka 1954 watafiti wa Bell Labs nchini Marekani wakaonyesha seli ya silikoni iliyogeuza kiasi cha asilimia 6 ya mwanga wa jua kuwa umeme. Miaka minne baadaye seli za namna hiyo zilikuwa zikiendesha redio ya setilaiti ya Vanguard 1. Paneli ninazozizungumzia, kila moja ikiwa na eneo la mita za mraba zipatazo 2.6, hufikia kiasi cha asilimia 21, na hazina kitu kinachozunguka, kinachowaka wala kinachohitaji kutiwa mafuta. Fremu za alumini zimenyooka, kioo hakina mikwaruzo, na visanduku vya nyaya vilivyo mgongoni vimezibwa vizuri. Kasoro ya utengenezaji sikuiona.

Tatizo liko katika namna nambari zake zinavyosomwa. Ukiigeuza paneli utakuta stika inayotaja wati 550, na chini yake, kwa maandishi madogo, masharti ya kipimo hicho: mwanga wa wati 1,000 kwa kila mita ya mraba, huku seli zenyewe zikiwa na nyuzi joto 25. Hayo ni mazingira ya maabara. Juu ya paa, katika mchana wa jua kali ambapo mwanga hukaribia kiwango hicho, seli hupanda hadi nyuzi 60 au zaidi, na paneli za silikoni hupoteza kiasi cha asilimia 0.35 ya nguvu kwa kila nyuzi moja inayozidi 25. Paneli ya wati 550 hubaki na kama wati 480, na bado hatujahesabu vumbi, urefu wa nyaya na upotevu ndani ya inveta. Ndiyo maana siku angavu yenye baridi na upepo hutoa umeme mzuri kuliko siku ya joto kali, jambo linalowashangaza wengi wanaodhani kwamba paneli hula joto. Zinakula mwanga, joto ni adui wao. Muuzaji mmoja niliyezungumza naye alizidisha wati 3,300 za paneli zote sita kwa saa kumi na mbili za mchana akaniahidi karibu uniti 40 kwa siku. Mfumo huu hutoa uniti 12 hadi 14 katika siku nzuri, na hiyo si hitilafu, bali ndiyo kazi yake halali. Mnunuzi anayeijua nambari hiyo mapema ataridhika. Aliyeahidiwa 40 atajiona ametapeliwa na kifaa kisicho na kosa lolote.

Swali ambalo huulizwa kila mara, na wakati mwingine kwa kejeli, ni kama utengenezaji wa paneli hauchafui hewa kuliko paneli itakavyookoa. Swali ni la haki. Silikoni hupatikana kwa kuyeyusha mawe ya kwatzi pamoja na kaboni katika tanuri la joto la karibu nyuzi 2,000, kazi ambayo yenyewe hutoa hewa ya ukaa, kisha husafishwa na kukuzwa kuwa fuwele kwa umeme mwingi. Zaidi ya asilimia 80 ya kazi hiyo katika kila hatua yake hufanyika China, nchi ambayo sehemu kubwa ya umeme wake bado hutokana na makaa ya mawe. Hata hivyo hesabu iliyowekwa wazi na jopo la Umoja wa Mataifa kuhusu mabadiliko ya tabianchi, IPCC, mwaka 2014, ikijumuisha utengenezaji, usafirishaji na maisha yote ya kifaa, iliweka paneli za juu ya paa kwenye gramu 41 za gesijoto kwa kila uniti, gesi asilia kwenye 490, na makaa ya mawe kwenye 820. Upepo wa nchi kavu ulikuwa na 11 tu, jambo ambalo wapenzi wa paneli hupenda kulipita haraka. Tangu wakati huo seli zimekuwa nyembamba zaidi na viwanda vimepunguza upotevu, kwa hiyo deni la paneli ya leo ni dogo kuliko la wakati ule. Kwa nishati, paneli hurudisha ile iliyotumika kuitengeneza ndani ya mwaka mmoja hadi miwili hivi, kisha huendelea kufanya kazi kwa miaka ishirini na mitano au zaidi, ikipungua nguvu kwa takriban nusu asilimia kila mwaka. Kwa upande huu mtengenezaji hajadanganya.

Alichokiacha ni kwamba faida hiyo haiwi sawa kwa kila mnunuzi, hata kama paa zao zinafanana na jua lao ni lilelile. Katika nchi ambayo umeme wa gridi, yaani wa nyaya za kampuni ya umeme, hutokana kwa sehemu kubwa na makaa ya mawe, kama Polandi au Afrika Kusini, kila uniti ya paneli inayotumika nyumbani huzuia zaidi ya nusu kilo ya hewa ya ukaa. Kule Norwei, ambako karibu umeme wote hutokana na maporomoko ya maji, uniti hiyohiyo hubadilisha kidogo sana. Na mahali ambapo watu huwasha jenereta gridi inapozimika, au ambapo gridi haijafika kabisa, faida ni kubwa kuliko kote: lita moja ya petroli ikiungua hutoa kiasi cha kilo 2.3 za hewa ya ukaa, na jenereta ndogo huteketeza nusu lita au zaidi kwa kila uniti, tena zaidi sana ikiwa imewashwa kwa ajili ya taa chache na televisheni. Hapo tunazungumzia zaidi ya kilo moja kwa uniti, mbali na moshi unaovutwa na wenye nyumba na majirani zao, na mbali na kelele. Ningetoa alama tofauti kwa bidhaa ileile kulingana na kile inachokizima. Kijitabu, chenye picha ya jani la kijani kwenye kila ukurasa, hakina hata sentensi moja kuhusu jambo hili.

Ufungaji ndio uliokaribia kuniharibia tathmini nzima. Fundi aliyeletwa pamoja na vifaa alizipanga paneli zote sita katika mstari mmoja, akaziunganisha kwa mfululizo, na mbili za mwisho akazifikisha mahali ambapo kivuli cha bomba la moshi huangukia alasiri. Kwa macho lilikuwa jambo dogo, kivuli cha upana wa mkono. Lakini paneli zilizounganishwa kwa mfululizo hufanya kazi kama watu wanaopokezana ndoo za maji: mmoja akizubaa, mstari wote hungoja. Ndani ya kila paneli kuna dayodi za kupitishia mkondo, kwa kawaida tatu, ambazo huiruka sehemu iliyozibwa ili isiwe kikwazo wala isichemke, lakini kila zinapofanya hivyo theluthi ya paneli huwa imetolewa kazini. Kwenye mchoro wa programu ya simu, mstari wa uzalishaji ulikuwa ukishuka alasiri kama ngazi, ghafla, wakati uleule kila siku yenye jua, badala ya kuteremka taratibu kama jua linavyoteremka. Paneli mbili ziliposogezwa, ile ngazi ikatoweka. Anayenunua mfumo kama huu na ausome mchoro huo katika siku angavu ya kwanza kabla ya kumlipa fundi sehemu ya mwisho ya ujira wake. Ukishuka kwa ghafla bila wingu, kuna kivuli. Kuhusu mwelekeo, sheria ni fupi: paneli zitazame upande wa ikweta, zilazwe kwa pembe inayokaribia latitudo ya mahali, na walio karibu na ikweta yenyewe waziinamishe kidogo tu ili mvua iweze kuosha vumbi.

Inveta ndiyo sehemu niliyoridhika nayo kidogo kuliko zote. Kazi yake kuu, kugeuza mkondo mnyoofu wa paneli na betri kuwa mkondo geu wa vyombo vya nyumbani, inaifanya vizuri, na umeme wake ni laini kiasi cha kutosumbua kompyuta wala mota ya jokofu. Inastahimili pia mkupuo wa pampu inapoanza kuzunguka, ambao kwa muda mfupi huwa mara kadhaa ya nguvu iliyoandikwa kwenye pampu yenyewe. Hapo ndipo inveta nyingi za bei rahisi hujizima. Feni zake, hata hivyo, zina sauti ya kero kila zinapozidiwa na joto, na asiifunge mtu karibu na chumba cha kulala. La uzito zaidi ni kwamba inveta yenyewe hula umeme. Kipimo nilichokichukua usiku, vyombo vyote vikiwa vimezimwa, kilikuwa kama wati 50. Inaonekana ndogo, lakini kwa saa ishirini na nne ni uniti moja na ziada, karibu sehemu ya kumi ya mavuno ya siku nzuri na sehemu kubwa zaidi ya siku ya mawingu. Kwenye karatasi ya vipimo nambari hii imefichwa chini kabisa, baada ya uzito wa kasha. Ingekuwa juu yangu, ingeandikwa kwa herufi kubwa mbele ya katoni.

Kisha kuna jambo la mipangilio, ambalo kwa maoni yangu ndilo kosa kubwa kuliko yote katika bidhaa hii. Inveta ilifika ikiwa imepangwa kiwandani itumie umeme wa gridi kwanza, na jua na betri viwe akiba gridi ikikatika. Maana yake ni kwamba mtu anaweza kuezeka paa lake kwa paneli, akabandika picha mtandaoni, na nyumba yake ikaendelea kula umeme wa makaa ya mawe mchana kutwa huku betri imejaa na paneli zimekaa bure. Kuibadilisha ni kazi ya kubonyeza vitufe vinne kwenye kioo kidogo chenye nambari zisizo na maelezo, hadi utokee mpangilio wa jua kwanza, betri pili, gridi mwisho. Fundi hakuugusa. Kijitabu kinaueleza katika jedwali lenye vifupisho ambavyo hakuna mahali vinapofafanuliwa. Kwa mtengenezaji aliyechora majani ya kijani kila ukurasa, kuiacha bidhaa itoke kiwandani ikiwa katika mpangilio huo ni uzembe usio na utetezi.

Niongeze hapa onyo kwa wanaofikiria kununua paneli na inveta ya gridi bila betri, kwa kuwa kifurushi hicho pia kinauzwa sana: gridi ikizimika, inveta hiyo nayo huzimika, hata jua liwe la utosi. Si ubovu. Ni kinga ya lazima, ili umeme wa paa lako usirudi kwenye nyaya na kumuua fundi anayezitengeneza akiamini hazina umeme.

Betri imenifurahisha. Ni ya aina ya lithiamu chuma fosfeti, seli kumi na sita za volti 3.2 zilizopangwa kwa mfululizo chini ya ubao wa udhibiti unaolinda kila seli isizidishe wala isipungukiwe chaji. Haina kobalti wala nikeli, kwa hiyo mashaka mengi yanayozungumzwa kuhusu uchimbaji wa madini hayo hayaihusu, na ni vigumu kuwaka ikilinganishwa na betri za lithiamu zenye madini hayo. Ikilinganishwa na betri za risasi na asidi zilizotumika kwa miaka mingi, tofauti ni kubwa: zile hazipendi kushushwa chini ya nusu na huchoka baada ya mizunguko michache ya kujazwa na kutumiwa, ilhali hii huweza kutoa asilimia 80 au 90 ya ujazo wake kwa mizunguko ya maelfu, na hurudisha karibu umeme wote uliotiwa ndani yake. Ina masharti mawili tu: isichajiwe ikiwa imeganda chini ya nyuzi sifuri, na isifungiwe mahali pa joto, kwa sababu joto hufupisha maisha yake kimyakimya.

Lakini nayo ina deni lake la hewa ya ukaa, makumi ya kilo kwa kila uniti moja ya ujazo, na deni hilo hulipwa kwa kuzungushwa. Betri inayojazwa mchana na kutumika usiku, siku baada ya siku, hugawa deni lake katika maelfu ya uniti hadi linakuwa dogo sana. Betri inayokaa imejaa mwaka mzima ikingoja umeme ukatike mara chache ni kifaa kizuri cha kuondoa usumbufu, wala simlaumu anayeinunua kwa ajili hiyo, ila asiambiwe kwamba ameinunulia tabianchi.

Sasa nifike kwenye saa tano asubuhi. Hiyo ndiyo saa ambayo, katika siku ya jua, betri hii ya uniti tano huwa imekwisha kujaa, na kuanzia hapo programu ya simu huonyesha kitu cha ajabu: jua linazidi kupanda, lakini uzalishaji unaporomoka kutoka wati 2,500 hadi 300. Mara ya kwanza mtu hudhani kitu kimeungua. Hakuna kilichoungua. Nyumba inahitaji wati 300 za jokofu na vyombo vidogo, betri haina pa kuweka zaidi, na inveta inazizuia paneli zisitoe umeme usio na pa kwenda. Wati 2,200 zilizobaki hazihifadhiwi popote na hazihesabiwi popote. Programu haionyeshi hasara hiyo, kwa kuwa huhesabu kilichozalishwa tu. Katika nyumba ambayo watu wake hushinda kazini na shuleni, zaidi ya nusu ya uwezo wa paneli inaweza kupotea hivyo kila siku, na mwenye nyumba akaendelea kuamini kwamba paa lake limeokoa kila kitu lilichoweza kuokoa.

Dawa ya kwanza ambayo wauzaji huitoa ni betri ya pili. Naishauri iwe ya mwisho. Iliyo rahisi na yenye manufaa zaidi kwa hewa ni kuzihamisha kazi nzito ziende mchana: kufua, kupiga pasi, kupandisha maji tangini, kupasha maji ya kuoga yakae moto katika tangi lililofunikwa vizuri hadi jioni, kuchaji pikipiki au gari la umeme kwa aliye nalo. Swichi ya saa ya kawaida, ile ya kuzungusha kwa mkono, inatosha kwa nyingi ya kazi hizi. Kupika kwa umeme mchana ndiko kunakobeba uzito kuliko zote katika nyumba iliyozoea gesi, mafuta ya taa au mkaa, kwa sababu hapo uniti ya paneli inaacha kuchukua nafasi ya umeme mwingine na kuanza kuchukua nafasi ya moto wenyewe. Mahali ambapo kampuni ya umeme inaruhusu kuuza ziada kwenye gridi, tatizo hupungua sana, na inafaa kuuliza masharti yake kabla ya kuchagua inveta, kwani si kila inveta imeidhinishwa kwa kazi hiyo.

Hali hii ya paa moja ndiyo hali ya gridi nzima za dunia kwa sasa, na ndiyo sababu nimeitilia mkazo. Mwezi Desemba 2023, katika mkutano wa Umoja wa Mataifa wa tabianchi, COP28, uliofanyika Dubai, nchi zilikubaliana kuongeza uwezo wa nishati jadidifu (isiyokwisha, kama ya jua, upepo na maji) duniani mara tatu ifikapo 2030. Paneli za kutosha zipo. Gharama ya umeme wa jua katika mitambo mikubwa ilishuka kwa karibu asilimia 90 kati ya 2010 na miaka ya mwanzo ya 2020, na hakuna chanzo kingine cha umeme kilichoshuka hivyo. Lakini uwezo uliofungwa na uniti zilizochukua nafasi ya moto ni mambo mawili. Kule California, mwendeshaji wa gridi alikwisha kuonyesha mwaka 2013, kwa mchoro uliopata umaarufu, jinsi mahitaji ya mitambo mingine yanavyodidimia mchana na kupanda kwa kasi jua linapotua, na hadi leo kuna saa za mchana ambapo paneli huko huzuiwa kwa makusudi kama inveta yangu inavyozizuia zangu. Kilichobadilisha hali ni betri za gridi, ambazo katika jimbo hilo zilivuka gigawati 10 mwaka 2024 na sasa huubeba umeme wa mchana hadi jioni. Na hata hivyo tunazungumzia umeme tu. Nishati jadidifu, maji yakiwemo, ilizalisha karibu asilimia 30 ya umeme wa dunia mwaka 2023, ilhali umeme wenyewe ni kama sehemu ya tano ya nishati yote inayotumiwa na watumiaji wa mwisho; kinachobaki ni injini za magari, majiko, matanuri ya viwanda na mitambo ya kupasha joto majengo. Mfumo wa paa unaowasha taa na televisheni haujagusa huko. Ukipika, ukipasha maji na kuendesha chombo cha usafiri, umegusa.

Kuhusu dhamana, msomaji atofautishe mbili. Paneli zina dhamana ya nguvu ya miaka 25, inayoahidi kiwango fulani cha uzalishaji hadi mwisho, na dhamana ya bidhaa yenyewe, ambayo ni fupi zaidi na ndiyo itakayohitajika kioo kikipasuka au kisanduku kikiingiza maji. Betri ina miaka kumi. Inveta ina mitano, na uzoefu wa wengi ni kwamba ndiyo itakayokufa kwanza, kwa hiyo katika maisha ya paneli mtu atarajie kuibadilisha angalau mara moja. Nilipouliza paneli zitapelekwa wapi zikichoka, sikupata jibu la maana kutoka kwa aliyeniuzia. Sehemu kubwa ya uzito wa paneli ni kioo, kisha alumini ya fremu, vyote vinavyoweza kutumika tena, pamoja na madini ya fedha kidogo, shaba na risasi ya kulehemia ambayo haipaswi kutupwa ardhini. Umoja wa Ulaya uliziingiza paneli katika sheria yake ya taka za kielektroniki mwaka 2012 na kuwataka watengenezaji wazipokee. Kwingineko kungi bado hakuna utaratibu. Ni dosari halisi, ingawa ukubwa wake ni mdogo sana ukilinganishwa na majivu na moshi wa kinachobadilishwa.

Kwa alama, paneli nazipa tano kati ya tano, betri nne na nusu, inveta tatu, na kijitabu pamoja na ufungaji moja, ambayo ni ya picha nzuri. Namshauri aununue mfumo huu yule anayetumia jenereta, anayepikia moto, au anayeishi chini ya gridi ya makaa ya mawe, mradi awe na mtu nyumbani mchana au swichi za saa za kuendesha vyombo mchana. Mwenye gridi safi na matumizi ya usiku tu asubiri, au aweke paneli tatu badala ya sita. Wakati wa kununua, chagua inveta inayokubali betri ya pili kuongezwa baadaye, lakini usiichukue betri hiyo siku ya kwanza. Ibadilishe kwanza mipangilio, hamisha kazi za mchana, kisha itazame michoro ya programu kwa mwezi mzima ukitafuta mahali mstari unapolala chini jua likiwa juu. Ukiona bado unalala saa tano asubuhi baada ya hayo yote, hapo betri ya pili itakuwa na kazi ya kufanya.